Vichupo Visivyosalimiana

Habari kwamba ndani ya kompyuta ya Severine kuna watu wamegoma kusalimiana ilitoka sebuleni kwa Shangazi Kornelia Jumatano chai ikiwa bado ya moto, na ilipofika kwenye mashine ya kusaga unga ilikuwa imekwisha kuota mikono na miguu. Mashineni walisema ni ndugu wawili wa tumbo moja. Kwenye duka la mbegu walisema ni mume na mke, na kwamba mke alikuwa na haki. Aliyeitoa ni Marieta, jirani wa ukuta kwa ukuta, muuza maandazi. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia hakutangaza chochote, alisimulia tu.

Ukweli ulikuwa hivi. Severine alikuwa anaishi hapo Endasak kwa shangazi yake, na kazi yake ilikuwa kuandika programu kwa kampuni ndogo ya Arusha inayotengeneza kivinjari kiitwacho Korongo. Kivinjari ndicho unachofungulia intaneti. Vichupo ni zile kurasa unazofungua nyingi kwa pamoja zikajipanga juu ya kioo. Katika Korongo kila kichupo ni chumba, na ndani ya chumba unakaa mchakato wake, ambao mafundi wa kampuni walizoea kuuita mpangaji. Wamepewa vyumba mbalimbali ili mmoja akianguka wengine waendelee na maisha yao. Na ukitoka tovuti hii kwenda ile katika kichupo kile kile, mpangaji wa zamani anatolewa, mpya anaingia, chumba hakibadiliki.

Sasa, msimbo wa shughuli hiyo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ulikuwa umechoka. Ulishonwa na watu walioondoka zamani, kiraka juu ya kiraka, na wapangaji wote walikuwa wanauvamia mchakato mkuu, ule unaoleta kurasa, kwa mkupuo mmoja, kila mtu anataka ukurasa wake uletwe kwanza, vurugu tupu. Severine akapewa kazi ya kuupanga upya. Mkuu wake, dada mmoja anaitwa Eva, alimweleza kwenye simu bila kuzunguka.

"Ijumaa unatuonyesha. Kikifanya kazi, kaa huko huko kwenu, sina neno. Kisipofanya, Jumatatu nakutaka hapa ofisini. Na chumba nimeshakutafutia. Kizuri, kimya, uko peke yako."

Peke yako! Severine alikata simu akageukia sebule. Huyu ni kijana aliyekulia katika nyumba ambayo mlango wake haufungwi mpaka watu waende kulala, ambako kila asubuhi kuna mgeni aliyepita tu kuchukua moto na saa nne bado yupo. Alikuwa anaandika programu kwenye kona ya sebule, sweta mwilini, huku nyuma ya kichwa chake watu wakichambua ndoa ya mtu. Kelele ndizo zilimtuliza. Siku moja walikwenda wote msibani Tumati wakamwacha na utulivu wake, akakosea mistari ya kumtosha mwezi mzima.

Basi alipoupanga upya ule msimbo, aliupanga kama mtu aliyelelewa na Shangazi Kornelia. Aliweka foleni kwa mchakato mkuu, na juu ya foleni akaweka adabu. Mpangaji mpya akizaliwa, kabla hajagusa kitu, ampe shikamoo kila aliyemtangulia, asimame, asubiri marahaba, ndipo aende kuchukua ukurasa wake. Hakuna kukurupuka. Akajaribu, na vichupo vikafunguka kimoja baada ya kingine kama wakwe wanaoingia ukumbini. Alifurahi mpaka akanunua nyama.

Jumatano hiyo akachukua kichupo cha kwanza kabisa, kilichokuwa kwenye habari, akakihamishia kwenye mpira. Kila kitu kikasimama. Hapakutokea kosa lolote, wala onyo. Vichupo vyote vilikuwa vyeupe, vimetulia, havijafa wala haviendi, vina heshima zao zote.

"Sasa hawa kwa nini hawasalimiani?" Severine akajiuliza kwa sauti.

Kosa lake lilikuwa hapo. Marieta alikuwa nyuma yake na sahani ya maandazi.

"Kina nani hao, Injinia?"

"Hamna, mama Marieta. Mambo ya kompyuta."

"Nimekusikia umesema hawasalimiani."

"Ni programu."

"Ndiyo, hao hao kina Programu. Wamegombania nini?"

Mchana wake sebule ilijaa. Mzee Yoakimu alikuja na kiti chake mwenyewe, maana alikuwa amesuluhisha kesi za mipaka na za ng'ombe tangu Severine hajazaliwa, na kiti cha mtu mwingine kilimharibia maamuzi. Akakiweka mbele ya kompyuta, akaitazama kama anavyotazama mshtakiwa.

"Nani mkubwa?" akauliza.

Swali hilo Mzee Yoakimu aliliuliza katika kila kesi, hata ile ya mbuzi aliyekula mahindi ya padri, ambapo alitaka kwanza aambiwe umri wa mbuzi. Kwa hiyo hakuna aliyeshtuka isipokuwa Severine, ambaye aliingia kwenye msimbo wake kutafuta jibu akakuta majibu mawili. Orodha ya vyumba ilisema mkubwa ni yule wa kichupo cha kwanza. Orodha ya kuzaliwa ilisema yule wa kichupo cha kwanza ndiye kitinda mimba, maana ameingia sasa hivi kuleta mpira.

"Mzee, hapa pana tatizo," akasema. "Chumba ni cha mkubwa, lakini aliyemo ndani ni mdogo. Yeye anasubiri wenzake wamsalimie, kwa sababu ya chumba. Wenzake wanasubiri awasalimie, kwa sababu ya umri."

"Ala!" Mzee Yoakimu akaegemea nyuma. "Faini ya kondoo."

"Amtoe nani?"

"Wote."

"Subiri kwanza, mzee," Shangazi Kornelia akaingilia, birika mkononi. "Umri ni umri. Mtoto wa juzi hata umkalishe kwenye kiti cha askofu ni mtoto wa juzi. Awasalimie wenzake."

"Hapana, Kornelia," Marieta akasema, na kila mtu akaona anavyoyafurahia. "Mtu ni nafasi yake. Kama nafasi ni ya baba, hata awe na ndevu tatu tu, ni baba."

Sebule ikaangalia chini. Hapo hapakuwa tena na mambo ya kompyuta. Shangazi Kornelia alikuwa na baba mdogo anaitwa Yohanes, dereva wa bodaboda, mtoto wa mwisho wa babu yake kwa mke wa mwisho, aliyezaliwa Kornelia akiwa amekwisha kuolewa na amezaa. Kiukoo Yohanes ni baba, astahili shikamoo. Kiumri Kornelia alimbeba mgongoni, naye astahili shikamoo. Tangu kijana aote ndevu hizo alizozihesabu Marieta, hakuna aliyekubali kuanza.

Na kama vile ameitwa, Yohanes akatokea mlangoni, gunia la mkaa begani. Shangazi ndiye aliyeuagiza, kwa kupitia watu wa tatu.

Akasimama kizingitini. Hakusema neno. Shangazi Kornelia akaendelea kumimina chai katika kikombe kilichokwisha kujaa. Hakusema neno. Gunia lilikuwa zito, shingo ya Yohanes ilianza kutoka mishipa, chai ikamwagika ikafika kwenye viatu vya Mzee Yoakimu, naye mzee kwa kuheshimu hali ilivyo hakuvuta mguu.

"Marieta," hatimaye Shangazi akasema, akiangalia dari, "hebu muulize huyo aliyeleta mkaa kama anajua pa kuuweka."

"Mama Marieta," Yohanes akajibu, akiangalia dari ile ile, "mwambie mwenye nyumba najua."

Akauweka, akaondoka. Severine alikuwa ametoa macho. Kilichosimama mlangoni pale, na mkaa begani, ndicho kilichokuwa kimesimama ndani ya Korongo tangu asubuhi.

Akafanya alichoona ni sawa. Akageukia kompyuta, akafuta salamu zote, foleni akaiacha. Shikamoo zikaenda, marahaba zikaenda, na lile suala la nani mkubwa likaenda nazo. Akaiwasha Korongo upya, na vichupo vikafunguka kwa mpigo kama kuku waliofunguliwa banda. Akahamisha cha kwanza, akahamisha cha tatu, akarudi nyuma, akaenda mbele. Safi kabisa.

"Imepona!" akapiga kelele. "Nimeondoa salamu. Kila mtu anaingia, anafanya yake, hana habari na mwenzake."

Alitegemea vigelegele. Shangazi Kornelia aliweka birika chini polepole.

"Umeondoa salamu?"

"Ndiyo, Shangazi. Zilikuwa zinawakwamisha."

"Ndani ya nyumba yangu."

"Si ndani ya nyumba, Shangazi, ndani ya…"

"Hiyo kompyuta imekaa wapi? Imekaa Arusha? Hiyo meza ni ya nani?" Hakupandisha sauti, na hapo ndipo Severine alipoogopa. "Tumewakalisha hapa watu wanaingia na kutoka bila kumjua mkubwa. Haya. Na sisi tutaishi hivyo hivyo, tuone."

Mzee Yoakimu alibeba kiti chake. Marieta alibeba sahani yake, maandazi yaliyobaki yakiwa ndani. Wakatoka, na Shangazi Kornelia akatoka nao, akaenda kukaa upande wa pili wa ukuta.

Alhamisi yote Severine alifanya kazi vizuri na hakuna mtu. Alikuta chakula kimefunikwa mezani, hajui kimewekwa saa ngapi. Shangazi alipita kwenda jikoni, akachukua chumvi, akatoka. Hakumwangalia, hakumnunia, alipita tu, kama vichupo vyake. Kutoka kwa Marieta zilikuja sauti za vicheko, vile vya watu waliofika mahali pazuri pa habari, kisha mtu anasema "weee!" kisha kimya, kisha vicheko tena, na Severine hakujua ni nani aliyefanya nini na nani. Korongo ilikuwa inakwenda kama mshale. Kesho angeionyesha, Eva angefurahi, naye angeruhusiwa kubaki Endasak, katika sebule hii. Akaiangalia sebule. Chumba kizuri, kimya, na yuko peke yake. Kile cha Arusha kilikuwa kimemfuata bila hata kupanda basi.

Alasiri akatoka nje kuota jua, au ndivyo alivyojidanganya, maana alisogea mpaka kwenye ua anapoweza kuwaona wenzake. Walikuwa wamepanga mabenchi yao mbele ya nyumba ya Marieta wakitazama barabara, Shangazi katikati, wingu limekaa juu ya Mlima Hanang na kila mtu amejifunika khanga au shuka. Hakuna aliyegeuza shingo.

Ndipo pikipiki ya Yohanes ikatokea juu ya mteremko, imebeba abiria mmoja na godoro moja, inakuja mbio, inarukaruka. Ilipokaribia mabenchi Yohanes hakupunguza mwendo. Alipaza tu sauti.

"Shikamooni wooote!"

"Marahabaaa," wakaitikia wote, Shangazi Kornelia pia, mdomo ukimtangulia akili. Kufikia "baa" Yohanes alikuwa amekwisha kupita kisimani, na marahaba yao ilikwenda ikiambatana na vumbi kumtafuta huko mbele.

Benchi zima likamgeukia Shangazi.

"Nini? Nilikuwa naijibu pikipiki," akasema.

"Basi umeitikiwa na… yaani, umesalimiwa na baba yako, Kornelia!" Marieta alishindwa hata kupanga maneno kwa raha.

"Alisalimia benchi. Mimi ni benchi?"

Lakini Severine hakuyasikia hayo. Alikuwa amekwisha kuingia ndani, kandambili moja imebaki uani. Salamu imetolewa. Jibu limetolewa. Na hakuna aliyesimama! Mkaa haukukaa begani, chai haikumwagika. Akazirudisha shikamoo zote alizofuta, akaondoa kitu kimoja tu, kule kusubiri. Mpangaji atoe salamu yake kila anapopita kwenda kwenye shughuli, asipoitikiwa arudie, na marahaba imfuate huko huko aliko, ikichelewa ikiwahi. Halafu akachagua orodha moja, ile ya vyumba, akaitupa ile ya kuzaliwa, kwa sababu fundi anapaswa kuchagua, na alichagua akijua kabisa kwamba anamuudhi shangazi yake.

Akaenda kusimama mbele ya mabenchi.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakasema, kwa ubaridi.

"Nimezirudisha."

Shangazi Kornelia akajifunga khanga vizuri. "Wanasalimiana?"

"Wanasalimiana."

"Wanasimama kusubiri waitikiwe?"

"Hapana, Shangazi. Wanasalimia wakiwa wanapita."

"Kama wahuni wa pikipiki."

"Kama wao."

Shangazi alifikiri. Watu wote wakafikiri naye. "Na mkubwa ni nani? Aliyemo, au chumba?"

"Chumba," Severine akasema, akafumba macho.

Marieta akapiga kofi moja la paja. Shangazi Kornelia aliifungua khanga akaifunga tena, kwa muda ambao mtu angeweza kukatia tiketi ya Arusha, halafu akasema, "Yohanes wangu mimi hana chumba. Amepanga," akaona amepata ushindi wa kumtosha, akainuka. "Twendeni. Chai ya huku haina tangawizi."

Ijumaa Eva alipopiga simu ya video alikutana na nyuso zimejazana kioo kizima. Severine alikuwa mahali fulani katikati, linaonekana sikio lake. Eva, aliyelelewa vizuri ingawa alikuwa na haraka, alitoa shikamoo moja moja, akaulizwa hali ya Arusha, ya mama yake, ya mvua, na Mzee Yoakimu akataka kujua yeye ni wa ngapi kwao.

"Wa tatu, mzee. Severine, tuanze. Fungua vichupo vingi. Hamisha cha kwanza. Rudi nyuma. Hamisha tena."

Vikahama, vikarudi. Chini ya kioo palikuwa na kidirisha ambamo kila ujumbe unaopita unaandikwa, na Mzee Yoakimu alivaa miwani akawa anausoma: shikamoo, shikamoo, shikamoo, na kila moja akaiitikia kwa sauti ya chini asije akaonekana hana adabu.

"Sasa muue mmoja," Eva akasema.

Mzee Yoakimu akaacha kuitikia.

"Amwue nani?" Shangazi akanong'ona.

"Yeyote, mama. Wa nne."

Severine akabonyeza. Kichupo cha nne kikageuka kijivu, na maandishi madogo ya kuomba radhi yakatokea. Mzee Yoakimu akavua kofia. Marieta alijishika kichwa: "Alikuwa na watoto?"

"Alikuwa naye mmoja, yule wa tano, amefunguliwa kutoka kwake," Severine akasema. "Yuko salama, tazameni." Na kweli wa tano alikuwa anaendelea na shughuli zake, jambo ambalo Marieta aliliona si la kiungwana hata kidogo.

Eva alikuwa amesogeza uso karibu na kioo. "Kimya kimya nimependa. Hakuna kilichotikisika. Lakini hizi zinazopita hapo chini ni nini? Shikamoo, shikamoo…"

"Ni salamu, dada Eva."

"Za nini?"

"Za… wanasalimiana."

Eva alipumua. "Severine. Zinachelewesha?"

"Hapana. Hakuna anayesubiri."

"Kama hakuna anayesubiri, basi hazina kazi. Zifute, halafu nakupitisha sasa hivi. Ukiziacha, itabidi tukae Jumatatu tuzungumze. Hapa."

Hapakuwa na haja ya kugeuka nyuma. Severine aliwahisi wote mgongoni, alisikia hata birika likiwekwa chini, polepole, vile vile kama Jumatano. Mkono wake ulikuwa juu ya kibonyezo. Akifuta, amebaki Endasak bila watu. Asipofuta, anaondoka. Akakodolea kile kidirisha, shikamoo inapita, marahaba inapita, shikamoo, marahaba, shikamoo. Kisha pengo. Shikamoo kwa wa nne. Pengo.

"Dada Eva," akasema, "tumejuaje kwamba wa nne amekufa?"

"Umemuua wewe."

"Mimi nimejua. Mchakato mkuu umejuaje? Zamani ulikuwa unakaa mpaka mtu abonyeze kile kichupo ndipo ushtuke. Angalia saa za ujumbe. Wenzake wamemsalimia, hakuitikia. Wamerudia, hakuitikia. Hapo hapo mkuu, ambaye salamu zote zinapitia kwake, akatangaza msiba."

"Hivyo hivyo," Marieta akadakia, "ndivyo tulivyojua hata kifo cha marehemu Fransiska, jirani yangu wa ukuta wa pili. Nilimsalimia ukutani mara mbili."

Eva akasoma juu, akasoma chini. Sebule nzima ilimfuata kwa macho. Mzee Yoakimu peke yake aliendelea na kazi yake, marahaba, marahaba, maana ujumbe ulikuwa bado unaingia.

"Ziache," Eva akasema. "Baki huko."

Sasa ndiyo vikaja vigelegele, na mtu fulani akamkumbatia Severine kwa nyuma mpaka miwani ya Mzee Yoakimu ikadondoka. Lakini Eva alikuwa hajamaliza. "Ila kuna Abel na Monica hapa ofisini. Wamekaa meza moja miezi hii yote na kila mmoja anasubiri mwenzake aanze kuandika. Nitawaleta hapo Jumatatu, wiki mbili. Mama, samahani kwa kuuliza, hapo mna nafasi?"

Kuulizwa kama ana nafasi! Shangazi Kornelia alikisukuma kichwa cha Severine pembeni ili aonekane vizuri.

"Waje na sweta," akasema.

Simu haikukatika haraka, kwa kuwa kila mmoja alitaka kuaga na Mzee Yoakimu aliaga mara mbili. Ilipokatika, Shangazi alikuwa amekwisha kuingia chumbani kwa Severine na sauti ya kitanda kinachoburutwa ikatoka huko. Marieta alikuwa amekwisha kufika barabarani.

"Huyo binti atalala hapa," Shangazi akasema, akitoka na shuka za Severine mikononi. "Kijana atalala sebuleni."

"Na mimi, Shangazi?"

"Wewe ni wa nyumbani, hukosi pa kulala. Kwa Yohanes kuna nafasi, anakaa peke yake yule." Akamkabidhi shuka. "Nenda kaombe sasa hivi, kabla hajatoka na pikipiki. Na usimwambie ni mimi niliyekutuma."

Severine alizipakata shuka zake, akateremka kwa Yohanes. Alimkuta anafuta mnyororo kwa kitambaa.

"Shikamoo, babu," akasema, kwa kufuata ukoo, na Yohanes, mdogo kwake kwa miaka miwili mizima, akaitikia kwa furaha kuu, akainuka kumwonyesha godoro.